Ufundi wa Kufumua

Mfarishi wa viraka ukishakamilika huficha mengi. Mtu akiuona umetandikwa kitandani, au umetundikwa kwenye ukuta wa maonyesho, huona nyota zimejipanga, ncha zimekutana, rangi zinapokezana bila kugombana, naye husema: aliyeshona huu hakosei. Anamsifu kwa jambo asilolifanya. Kazi yenye vipande mia tano, kila kimoja na pande zake za kushonwa, haitoki mikononi mwa binadamu bila kosa. Mshonaji alikosea kama wenzake. Ila alijua amekosea wapi, akajua kosa limetokana na nini, akaamua lipi alifumue na lipi aliache lipite. Ufundi wake uko hapo, na sifa zake zingeanzia hapo.

Tuanze na kazi yenyewe. Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha chini, pamba ya katikati, na uso wa juu, na zote hushonewa pamoja kwa mishono midogo inayopenya hadi upande wa pili. Uso ndio wenye viraka. Huko Marekani, ambako kazi hii ilistawi sana katika karne ya 19, uso hujengwa kwa bloku. Bloku ni mraba mmoja ulioundwa kwa vipande kadhaa vya umbo maalumu. Hurudiwa mara ishirini au thelathini, kisha zote zikaunganishwa. Kila mpangilio una jina lake: Nyota ya Ohio, Kibanda cha Magogo, Bukini Warukao. Mwanahistoria Barbara Brackman alipoikusanya michoro hiyo katika ensaiklopidia yake, alipata zaidi ya 4,000.

Fundi wa nguo huacha nusu inchi au zaidi pembeni kwa ajili ya mshono, na akikosea kidogo, mwili wa mvaaji humsitiri. Gauni likibana kiunoni huachiwa, likipwaya hubanwa. Mshonaji wa bloku huacha robo inchi tu, milimita 6 na ushei, na kila kipande chake kina jirani anayekisubiri kwa kipimo kilekile. Hana pa kujificha.

Chukua safu ya vipande vinane vya mraba, kila kimoja kimekatwa inchi mbili na nusu ili kibaki inchi mbili baada ya kushonwa. Safu nzima inatakiwa itoke na urefu wa inchi 16, ukiacha robo inchi ya kila mwisho. Sasa tuseme mshono umeingia ndani kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kuliko ulivyotakiwa, kiasi cha milimita moja na nusu hivi, jambo ambalo jicho halilioni. Kila mshono unakula kutoka vipande viwili, kwa hiyo hasara ni sehemu moja ya nane ya inchi. Safu ina mishono saba. Haba na haba hujaza kibaba: safu imepungua sehemu saba za nane za inchi, milimita 22, na upande wa pili kuna kipande kirefu kizima kilichokatwa kwa kipimo sahihi, nacho hakikubali.

Mtu mgeni wa kazi hii akifika hapo huvuta. Hushika safu fupi na kipande kirefu, akavinyoosha hadi vilingane, akapiga pini, akashona. Bloku inatoka na mawimbi. Anajaribu kuyaua mawimbi kwa pasi, kitambaa kinazidi kutanuka, na bloku ya jirani nayo inaambukizwa. Mzoefu hafanyi hivyo. Kwake, safu fupi ni dalili, na ugonjwa uko nyuma. Anairudia mishono yake, anaipima mmoja mmoja kwa rula, anajiuliza kama sindano imesogea, kama mguu wa cherehani una upana aliouzoea, kama vipande vilikatwa sawa tangu mwanzo. Huenda akakuta mishono yote saba ina kosa dogo lilelile, maana cherehani haisahau ilichoelekezwa. Huenda akakuta mishono sita ni mizima na mmoja umepinda kwa kuwa kitambaa kiliponyoka pale mwishoni, mahali ambapo mikono huachia mapema. Makosa hayo mawili yanaonekana sawa ukiitazama safu kwa mbele. Tiba zake ni tofauti kabisa.

Ndiyo maana wazoefu wana kipimo kidogo wanachokifanya kabla ya kugusa kitambaa cha kazi. Hukata vipande vitatu vya upana wa inchi moja na nusu, wakavishona ubavu kwa ubavu, wakapiga pasi, kisha wakapima kile cha katikati. Lazima kiwe inchi moja kamili. Kikiwa pungufu, mshono ni mpana mno, hata kama rula inaapa kuwa ni robo inchi. Sababu iko kwenye mkunjo: mshono ukilazwa upande mmoja kwa pasi, kitambaa huuzunguka uzi, na mzunguko huo hula upana wa uzi mmoja au nyuzi mbili. Kwa hiyo robo inchi ya kweli hushonwa ikiwa na upungufu kidogo. Mshonaji anayejua hilo halaumu kitambaa, halaumu cherehani. Anaisogeza sindano kidogo, anashona vipande vingine vitatu, anapima tena.

Pasi nayo ina makosa yake, na ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande na za mshindio. Ukikivuta kufuata mojawapo, hutoa kidogo sana. Ukikivuta kwa mshazari, kinatoa sana. Kila pembetatu kwenye bloku ina angalau upande mmoja uliokatwa kwa mshazari, na upande huo ukisuguliwa kwa pasi ya moto huenda na pasi. Mshonaji mzuri huibandika pasi, akaibandua, akaibandika mbele kidogo. Wengine hutia kitambaa wanga kabla ya kukikata ili kikae imara. Nyota kubwa yenye ncha nane, inayojengwa kwa vipande vya umbo la almasi, hutoa adhabu kali kwa asiyejali hili. Ncha nane za digrii 45 zinatimiza duara la digrii 360. Kila ncha ikizidi digrii moja, kuna digrii nane zisizo na mahali pa kwenda, na nyota itayumba kwa mawimbi. Kila ncha ikipungua digrii moja, nyota itainuka katikati mithili ya kawa. Hakuna pasi itakayoilaza. Mshonaji hupima pembe ya kipande cha kwanza, kabla hajakata cha pili.

Kuna makosa ambayo mshonaji hakuyafanya kabisa. Yamekuja na karatasi. Kati ya 1928 na 1961 gazeti la Kansas City Star lilichapisha michoro ya bloku kwa ajili ya wasomaji wake, na wanawake wa mashambani waliikata na kuihifadhi. Tangu enzi za magazeti hadi leo, michoro imekuwa ikitoka na vipimo visivyolingana, au bila kusema wazi kama nafasi ya mshono imo au haimo. Kosa la karatasi lina ukatili wake: mtu hufuata maelekezo kwa utiifu wote, akakata kitambaa chote, kisha kazi ikamkataa, naye akajiona hana mkono.

Dawa yake ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Mfano mzuri ni mraba unaoundwa kwa pembetatu mbili. Unataka mraba wa inchi tatu ukishashonwa. Mtu wa haraka ataongeza nusu inchi, robo kila upande, kama anavyofanya kwenye miraba ya kawaida, akakata miraba ya inchi tatu na nusu na kuigawa kwa mshazari. Lakini mstari huo wa mshazari nao ni mshono, unahitaji robo inchi yake, na robo inchi hiyo ikipimwa kufuata ubavu wa mraba ni ndefu zaidi, kwa sababu inakatiza kwa pembe. Ukijumlisha, nyongeza inayotakiwa ni sehemu saba za nane za inchi: unakata inchi tatu na saba ya nane. Mchoro ukikuambia tatu na nusu, utapata mraba unaopungua zaidi ya theluthi moja ya inchi. Mshonaji anayeielewa hesabu hiyo hulikamata kosa la mchapaji kwa kalamu, kitambaa kikiwa bado kizima.

Wengi wamejifunza pia kujiwekea akiba. Badala ya tatu na saba ya nane, hukata miraba ya inchi nne kamili, wakashona, wakapiga pasi, ndipo wakapunguza hadi tatu na nusu kwa rula na kisu cha gurudumu, kile ambacho kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979 na kuibadili kazi hii yote. Vijipande vinavyodondoka mezani huonekana kama hasara. Kumbe ndizo gharama za kuruhusu mkono kuwa mkono.

Baada ya kipimo kuna mwelekeo. Nyota ya Ohio ina miraba tisa: mmoja katikati, minne ya pembeni isiyo na kazi kubwa, na minne iliyogawanywa pembetatu nne nne, ambayo ndiyo hutoa ncha za nyota. Ukigeuza mmoja wa hiyo minne robo ya mzunguko, ncha mbili hutoweka na nyota hugeuka kitu kisicho na jina. Ajabu ni kwamba anayeshona haoni. Pua yake iko sentimita thelathini kutoka kwenye kitambaa, anaona mishono. Mpita njia mlangoni ndiye anayeona mara moja. Kwa hiyo wazoefu hujifanya wapita njia: hupanga vipande sakafuni au kwenye flaneli iliyotundikwa ukutani, wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakafumba jicho moja, au wakapiga picha kwa simu na kuitoa rangi, maana picha nyeusi na nyeupe huonyesha upesi kipande cheusi kilichokaa mahali pa cheupe.

Na kabla ya kushona arobaini, hushona moja. Ni mazoea ya kazi hii kupitisha vipande kwenye cherehani kwa mfululizo bila kukata uzi, jozi baada ya jozi, na mkono ukishachangamka huwa na kasi ya kupendeza. Kasi hiyo haichagui. Itarudia jema mara arobaini, na itarudia kosa mara arobaini vilevile. Bloku ya kwanza iliyoshonwa hadi mwisho, ikapimwa, ikatazamwa kwa mbali, ndiyo leseni ya mfululizo.

Basi kosa limethibitika, na la kufumua lifumuliwe. Mshonaji hulaza bloku mezani penye mwanga, akaingiza ncha ya kisu kidogo cha kufumulia chini ya mshono mmoja, akakata. Anaruka mishono mitatu, anakata mwingine, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kisha anaigeuza na kuushika uzi wa upande wa pili, uzi wa bobini. Akiuvuta taratibu, unatoka mzima, na vipande viwili vinaachana bila kuumizana. Hatenganishi kwa kuvuta kitambaa. Penye mshazari havuti hata uzi, hukata mshono mmoja mmoja. Baada ya hapo huokota nyuzi fupi zilizobaki kwenye matundu na kupitisha mvuke kidogo ili kitambaa kijifunge. Pamba ya kawaida husahau sindano upesi. Batiki, iliyofumwa kwa kubana, huweka matundu yake yakaonekana, hivyo anayeishona hufikiri mara mbili. Na kitambaa kina kiasi chake cha uvumilivu: kikifumuliwa mara ya pili au ya tatu, kingo huchambuka, robo inchi hubaki jina tu. Hapo fundi hukata kipande kipya bila kinyongo.

Kufumua kila kosa, hata hivyo, ni dalili ya uchanga. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na mshonaji mkomavu ana ukarimu huo. Mbele ya kila kasoro hupima mambo matatu: je, itakua? Je, iko pale jicho linapokwenda? Na kufumua kutakigharimu kitambaa kiasi gani? Ncha ya nyota iliyomezwa na mshono kwa milimita moja, pembeni kabisa mwa mfarishi, haikui, haionekani, nayo imezungukwa na mishazari itakayotanuka ikiguswa. Inaachwa. Ncha ileile kwenye nyota ya katikati, juu ya kitambaa cheupe, inafumuliwa. Mshono uliopungua hadi kukaribia ukingo wa kitambaa unafumuliwa popote ulipo, hata kama hakuna jicho litakalouona, kwa sababu siku mfarishi utakapofuliwa, utaachia.

Katikati ya kuacha na kufumua kuna njia nyingine, na ndizo zinazonivutia zaidi. Vipande viwili vikitofautiana kwa milimita mbili, kirefu huwekwa chini, upande wa meno ya cherehani. Meno hayo huvuta tabaka la chini kwa kasi kidogo kuliko la juu, na urefu wa ziada humezwa njiani bila kikunyanzi. Mishono inayokutana hulazwa kwa pasi pande tofauti, mmoja kulia mmoja kushoto, ili matuta yake yakabane na njia panda ikae sawa. Bloku iliyotoka fupi kuliko wenzake huzungushiwa ukanda mwembamba, kisha zote hupewa ukanda na kukatwa kwa kipimo kimoja, na kilichokuwa upungufu kikawa fremu. Doa au tundu lililogunduliwa mwishoni hufunikwa kwa jani au ua lililokatwa na kushonewa juu. Hizi ni mbinu, lakini kila moja inadai mtu aijue tabia ya kitambaa kwa undani kuliko anayefuata mchoro tu.

Inasimuliwa sana kwamba washonaji wa zamani, hasa wa jamii ya Waamish, walikuwa wakiweka kosa moja la makusudi katika kila mfarishi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Ni hadithi tamu, na watafiti wa mifarishi wanaihesabu katika hadithi. Mtu aliyewahi kushona nyota kumi tu anaweza kuelewa kwa nini. Makosa hujileta yenyewe. Hakuna haja ya kuyaalika. Na bloku moja iliyogeuzwa kwenye mfarishi wa kale huenda ilishonwa usiku kwa mwanga hafifu, ikaonekana kazi ikiwa imekwisha, mwenyewe akapima yale mambo matatu, akailaza hivyohivyo.

Kuna mahali ambapo hesabu hii yote hupinduliwa. Gee's Bend, ambayo leo kwenye ramani huitwa Boykin, iko kwenye kona ya mto Alabama kusini mwa Marekani, na wanawake Weusi wa huko, vizazi vya watu waliotumikishwa kwenye mashamba ya pamba, wameshona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mmoja kwa nguo za mumewe aliyekuwa amefariki, na mabaka na mipauko ya nguo zile yamo. Katika mtindo wa kwao wa Paa la Nyumba, mshonaji huanza na kiraka katikati na kukizungushia kanda. Ukanda ukitoka mfupi, huungwa kwa rangi nyingine. Bloku ikipinda kushoto, ukanda unaofuata hukatwa mpana upande mmoja kuirudisha, au kuipindisha zaidi kwa raha zake. Kosa halifumuliwi; linajibiwa. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilioneshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha kwenye lile la Whitney jijini New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu.

Mtazamaji anaweza kudhani mistari ile iliyopinda ni ya mikono isiyojua rula. Historia inamkosoa. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, wakashona kwa oda za maduka makubwa, na kuanzia 1972 wakashonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, moja sawa na nyingine, kwa mamia. Mshono ulionyooka waliuweza vizuri kabisa. Mabaki ya kodrai ile yalirudi majumbani, na mikono ileile iliyoshona foronya zisizotofautiana ikayageuza mifarishi ambayo haina pembe mbili zinazolingana. Walijua mteja gani anataka nini, na kosa gani ni kosa kwa nani.

Huku kwetu mabaki hayakosekani. Vipande vya vitenge vinavyodondoka chini ya cherehani za mafundi hugeuzwa mikoba na mashuka ya viraka, na anayejaribu kazi hiyo hukutana na kosa ambalo wala si lake wala si la mchoro: chapa ya kitenge mara nyingine hukaa upogo juu ya nyuzi. Ukikata kufuata chapa, kipande kitatanuka. Ukikata kufuata nyuzi, ua litaegemea upande. Hakuna jibu sahihi moja. Kwenye kipande kikubwa cha katikati ningemfuata anayechagua jicho, akatia wanga na kushona pole. Kwenye ukanda mrefu wa ukingo ningemsikiliza anayechagua nyuzi, maana ukingo ukitanuka hubeba shuka zima.

Kwa hiyo anayefundisha kazi hii nisingemshauri aanze na nyota. Amwekee mwanafunzi mezani bloku iliyoharibika: safu fupi, ncha iliyomezwa, pembetatu iliyovutwa na pasi, na karatasi yenye kipimo kisicholingana. Amwachie rula na muda. Mwanafunzi akishaweza kusema kila kosa lilianzia wapi, na lipi angelifumua, na lipi angelisamehe na kwa nini, apewe mkasi.